Historia ya Umeme Mdogo: Toka Betri ya Redio Hata Diski ya Kompyuta

Ndugu wasikilizaji, wazee wangu, akina mama, na ninyi vijana mliokusanyika katika vikundi vya kusomea huko Ngara na Biharamulo, natumaini kila mwenyekiti wa kikundi amekwisha kuhesabu watu wake, na karani amekwisha kufungua daftari. Kama ilivyo desturi yetu, sikilizeni kwanza mpaka mwisho, kisha mzungumze ninyi kwa ninyi. Maswali yamepigwa chapa mwishoni mwa somo hili.

Katika masomo ya historia tumezoea kuzungumza juu ya watawala, vita na mipaka. Leo nitazungumza juu ya kitu kidogo kinachoingia mfukoni: diski ya kubebeka, yaani kile kisanduku chembamba cha kuhifadhia kumbukumbu za kompyuta. Huchomekwa kwa waya mmoja tu katika kompyuta mpakato, ile ya kufungua na kufunga kama kitabu, ambayo wengi wenu mnaiita laptopu. Waya huo mmoja hupitisha habari, na huo huo hupitisha umeme wa kuiendesha diski. Swali letu la leo ni hili: umeme huo ni kiasi gani, na kwa nini mara nyingine hautoshi?

Pengine mtu atauliza, "Mwalimu, hiyo ni historia?" Naam, ni historia, na nitawaeleza kwa nini nimeichagua.

Miaka michache iliyopita, darasa moja la watu wazima nililokuwa nikilisimamia lilianza kazi ya kukusanya habari za zamani. Wanafunzi walikwenda kwa wazee 18, wakawasikiliza, wakazinasa sauti zao kwa simu. Wako waliosimulia habari za Bugufi na Bushubi katika enzi za watemi. Wako waliosimulia habari za wakimbizi, na wako waliokumbuka vikundi vya kusikiliza redio kama hivi vyenu. Sauti zote tuliziweka katika diski moja ya kubebeka. Nakiri mbele yenu kwamba hatukuweka nakala ya pili, na sauti zilizokuwa katika simu zilifutwa ili kupata nafasi.

Siku ya kuwasomea wanakijiji matokeo ya kazi yetu, niliichomeka diski katika kompyuta. Taa yake iliwaka, kisha ikaanza kulia ta, ta, ta, ikanyamaza, halafu ikaanza tena. Nikajaribu tundu jingine. Safari hii kompyuta iliandika kwamba diski haisomeki, ikaniomba ruhusa ya kuifomati, yaani kuifuta na kuipanga upya. Fundi kijana aliyekuwa karibu akasema, "Mwalimu, hii imekufa. Ifomati tu, uanze upya."

Kidole changu kilikuwa juu ya kitufe. Nitawaambia baadaye nilifanya nini. Kwanza turudi nyuma, maana jibu la swali la diski lilikwisha kutolewa na wazee wetu waliokuwa na redio.

Redio na betri zake

Matangazo ya redio katika Tanganyika yalianza Dar es Salaam mwaka 1951. Redio za wakati huo hazikuwa kama hizi za leo. Zilitumia taa za kioo ndani yake, na taa hizo zilikuwa na njaa kubwa. Redio ya betri ya aina hiyo ilihitaji umeme wa namna mbili: volti chache za kuzipasha moto taa, na volti nyingi, kama 90 hivi, za kuzifanyia kazi. Betri yake ilikuwa nzito kama tofali, na bei yake haikuwa ya mkulima wa kawaida.

Nchi jirani ya Rhodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia, ilijaribu njia nyingine. Mwaka 1949 ilianza kuuzwa huko redio ya bei nafuu iliyotengenezwa ndani ya umbo la sufuria, na watu wakaiita kwa jina la sufuria. Betri yake ilikadiriwa kudumu saa 300. Tazameni hesabu hiyo: mtu akisikiliza saa 2 kila siku, betri itamfikisha siku 150, yaani miezi mitano. Baada ya hapo sharti anunue nyingine.

Mabadiliko makubwa hayakuja kwa kuongeza umeme vijijini. Yalikuja kwa kupunguza njaa ya redio. Mwezi wa Desemba 1947, wataalamu wa Bell huko Marekani walitengeneza kitu kidogo kiitwacho transista, ambacho kingeweza kufanya kazi ya taa ya kioo bila ya kupashwa moto. Mwaka 1954 redio ya kwanza ya transista iliuzwa madukani huko Marekani. Redio ikawa nyepesi, ikaweza kulishwa kwa betri ndogo kama zile za tochi. Mwaka 1966 kampuni ya Matsushita ya Japani ilianzisha kiwanda Dar es Salaam, na betri zake za National zikaenea madukani mpaka vijijini.

Hapo ndipo masomo ya redio yalipopata miguu. Mwaka 1973, katika kampeni ya Mtu ni Afya, watu wapatao milioni 2 katika Tanzania walikusanyika katika vikundi kusikiliza redio na kujifunza juu ya malaria, kuhara, vyoo na maji safi. Wilaya zetu wakati huo zilikuwa katika Mkoa wa Ziwa Magharibi, maana jina la Kagera lilikuja baadaye, mwaka 1979. Vijiji vingi havikuwa na hata nguzo moja ya umeme, walakini masomo yalifika.

Wazee wetu walijifunza kanuni ambayo vijana wa leo wameisahau. Walijua kwamba redio yenye betri zilizochoka haifi ghafula. Huanza kukoroma, sauti hupungua, na ukiongeza sauti hunyamaza kabisa. Walizianika betri juani, wakazirudisha, zikapata nguvu kidogo. Hakuna mzee aliyeivunja redio kwa sababu imekoroma. Kwanza alitazama betri. Kanuni yao ilikuwa hii: mashine ikishindwa kazi, uliza kwanza kama imekula.

Nguvu ya redio ndogo ilionekana tena katika siku za huzuni. Tarehe 28 na 29 Aprili 1994, watu waliokimbia mauaji ya Rwanda walivuka daraja la Rusumo kuingia Ngara. Shirika la Umoja wa Mataifa la kuhudumia wakimbizi, UNHCR, lilikadiria kwamba watu 250,000 walivuka katika muda wa saa 24. Kambi ya Benaco ikageuka kuwa kama mji mkubwa usiokuwa na nyumba. Mwaka huo huo BBC ilianzisha matangazo ya Kinyarwanda na Kirundi, ambayo yalisaidia jamaa waliopotezana kutafutana. Mwaka 1995 shirika la Wajesuiti la kuhudumia wakimbizi lilianzisha Radio Kwizera pale Ngara. Katika kambi, betri mbili za redio zilikuwa na thamani kubwa, maana huenda ndizo zitakazokuletea jina la mtoto wako.

Waya mmoja wenye kazi mbili

Sasa tutazame habari ya waya. Redio ilibeba chakula chake yenyewe, yaani betri zake. Diski ya kubebeka haina betri. Hula kwa mwenyeji wake. Desturi hii ilianzia wapi?

Ilianzia katika simu. Simu za kwanza kila moja ilikuwa na betri yake ya kuongelea na mkono wa kuzungusha ili kengele ilie kwa mwenzako. Betri ikifa, nyumba hiyo haina simu mpaka fundi aje. Katika miaka ya 1890 huko Marekani ulianza mpango mwingine: betri kubwa ikawekwa pamoja katika kituo cha simu, na umeme wake ukapelekwa nyumbani kwa mtu katika waya zile zile zinazochukua sauti. Baadaye volti 48 zikawa kipimo cha kawaida. Ndiyo sababu simu ya waya iliweza kulia hata wakati nyumba nzima iko gizani.

Mpango huo ulikuwa na faida na ulikuwa na sharti. Faida yake ni kwamba kifaa cha nyumbani kilikuwa chepesi na rahisi. Sharti lake ni kwamba waya ukiwa mrefu mno au mwembamba mno, umeme huchoka njiani na sauti hufika dhaifu. Wahenga wetu walisema kwamba kamba hukatikia pembamba. Mafundi wa simu waliijua methali hiyo katika kazi yao, hata kama hawakuisema kwa Kiswahili.

Diski ilivyopungua ukubwa

Diski ya kwanza ya kompyuta ya kuuzwa ilitolewa na IBM ya Marekani mwaka 1956. Ilikuwa na sahani 50, kila moja na upana wa inchi 24, zikizunguka pamoja katika kabati kubwa. Mashine yote ilipita uzito wa tani moja, nayo iliweza kuweka herufi milioni 5 tu. Leo picha moja ya simu yaweza kuijaza. Hakuna aliyefikiri wakati huo kwamba diski ingekula kwa waya mdogo. Ilihitaji umeme wa kiwandani.

Kisha diski zikaanza kupungua. Mwaka 1980 ilitoka diski ya inchi 5 na robo. Mwaka 1983 ikatoka ya inchi 3 na nusu. Mwaka 1988 ikatoka ya inchi 2 na nusu, kwa ajili ya kompyuta za kubeba. Shikeni tofauti ya hizi mbili za mwisho, maana wengi hukosea hapa. Diski ya inchi 3 na nusu huhitaji volti 12 kwa ajili ya mota yake, pamoja na volti 5 kwa ajili ya vyombo vingine. Kwa hiyo inapowekwa katika kisanduku cha nje huja na adapta yake ya ukutani, wala msitazamie iendeshwe na kompyuta mpakato peke yake. Diski ya inchi 2 na nusu huhitaji volti 5 tu, na hiyo ndiyo inayoweza kula kwa mwenyeji.

Hodi na karibu

Mwaka 1996 makampuni saba makubwa, miongoni mwao Intel, Microsoft, IBM na Compaq, yalitoa kanuni za tundu jipya liitwalo USB. Mmoja wa waliojulikana sana katika kazi hiyo ni mhandisi wa Intel mwenye asili ya India, Ajay Bhatt. Kabla ya hapo, nyuma ya kompyuta palikuwa na matundu ya namna nyingi, moja la kipanya, moja la mashine ya kuchapa, na kadhalika. Sasa lingekuwa tundu la namna moja kwa vyote. Ndani ya waya wake mlikuwa na nyaya nne: mbili za habari na mbili za umeme wa volti 5.

Kanuni zake zinafanana sana na desturi zetu za kupokea mgeni. Kifaa kikichomekwa, ni kama mgeni aliyepiga hodi. Mwenyeji, yaani kompyuta, humpa kiti na maji ya kunywa, yaani miliampea 100 tu. Kisha humwuliza: "U nani, na wahitaji nini?" Kifaa hujitaja, na kusema kiasi cha umeme kinachohitaji. Mwenyeji akikubali, mgeni huandaliwa chakula, lakini kisizidi miliampea 500. Zidisheni ampea 0.5 kwa volti 5, mtapata wati 2.5. Hiyo ndiyo ilikuwa sahani ya mgeni.

Kwa kipanya na kibodi sahani hiyo ilikuwa kubwa, tena ikabaki. Waliotunga kanuni walifikiria hasa wageni wa namna hiyo. Walakini mwaka 2000 yalitoka matoleo ya pili ya USB. Mwendo wa habari uliongezwa mara 40, toka megabiti 12 kwa sekunde hata 480. Ndipo watu wakaona kwamba sasa inafaa kuchomeka diski. Lakini chakula hakikuongezwa. Kilibaki miliampea zile zile 500. Barabara ilipanuliwa mara 40, lakini posho ya mchukuzi ikabaki ile ile.

Hapa ndipo penye kiini cha somo letu. Diski ya inchi 2 na nusu ikishazunguka vizuri, chakula hicho kwa kawaida kinaitosha. Shida iko mwanzoni. Mfikirieni mtu anayepeleka mikungu ya ndizi sokoni kwa baiskeli. Baiskeli ikishakwenda katika tambarare, yeye huisukuma kwa mkono mmoja. Lakini kuitoa pale iliposimama, tena katika kilima cha Ngara, hutumia nguvu zake zote. Diski nayo hivyo hivyo. Sahani yake imesimama kimya, na mota lazima iifikishe mizunguko 5,400 kwa dakika. Katika sekunde moja au mbili hizo za kwanza diski nyingi hutaka karibu ampea nzima, yaani mara mbili ya sahani ya mgeni.

Matundu mengine hutoa zaidi ya kanuni, na hapo diski huondoka bila tabu. Mengine hukaza mkono. Ndiyo sababu diski moja hukubali katika kompyuta ya jirani na kukataa katika yako, na mara nyingi hukataa kabisa katika simu. Umeme usipotosha, volti hushuka, diski hurudisha mkono wake wa kusomea mahali pake, kisha hujaribu tena. Ile sauti ya ta, ta, ta yaweza kuwa sauti ya ubovu wa kweli, sikatai. Lakini pia yaweza kuwa sauti ya njaa, na njaa ndiyo ya kuchunguza kwanza.

Waya nao hula njiani. Tufanye hesabu. Tuseme waya wako mrefu na mwembamba una ukinzani wa omu nusu. Diski ikivuta ampea 1, nusu volti itapotea ndani ya waya, na diski itapata volti 4.5 mahali pa 5. Ndiyo habari ile ile ya waya wa simu.

Watengenezaji walitafuta dawa. Wengine waliuza diski pamoja na waya wenye vichwa viwili, ili mgeni mmoja ale katika sahani mbili. Haikuwa ndani ya kanuni, lakini iliwasaidia wengi. Mwaka 2008 yalitoka matoleo ya tatu ya USB, ambayo matundu yake mara nyingi hutiwa rangi ya buluu, na chakula kikaongezwa hata miliampea 900. Mwaka 2014 kikatoka kichwa kipya cha duara dufu kinachoingia upande wowote, ambacho chaweza kutoa ampea 1.5 au 3 kama mwenyeji anazo. Upande wa pili, diski zisizokuwa na sahani ya kuzunguka zilizidi kuenea, na hizo hazina kilima cha kuanzia. Ndiyo historia ya transista tena: njaa ya kifaa imepunguzwa.

Umeme mkubwa na umeme mdogo

Tusisahau upande wa umeme mkubwa. Kwa miaka mingi miji ya Ngara na Biharamulo haikuunganishwa na gridi ya Taifa. Ilitegemea mashine za dizeli za TANESCO, ambazo baadhi yake zilipatikana kwa msaada wa Uholanzi. Dizeli ikichelewa njiani, mji hulala. Baadaye njia ya umeme ya kilovolti 220 toka Geita ilifika Nyakanazi, katika wilaya ya Biharamulo, na Wakala wa Nishati Vijijini, ulioanza kazi mwaka 2007, umesogeza nguzo katika vijiji vingi.

Tena pale Rusumo, karibu na daraja lile lile la mwaka 1994, serikali za Tanzania, Rwanda na Burundi zilikubaliana kuyatumia maporomoko ya mto Kagera. Benki ya Dunia iliidhinisha dola milioni 340 mwaka 2013, jiwe la msingi likawekwa 2017, na kufikia mwaka 2024 mitambo mitatu ilikuwa ikizalisha. Nguvu yake ni megawati 80, inayogawanywa sawa kwa nchi tatu. Mahali palipokuwa njia ya kukimbilia pamekuwa kisima cha nchi tatu.

Megawati 80 ni wati milioni 80. Mkigawanya kwa wati 2.5, mtaona zinatosha kulisha diski milioni 32 kwa wakati mmoja. Hata hivyo, ndugu zangu, diski moja yaweza kufa njaa mbele ya utajiri huo kwa ajili ya waya mmoja mbovu wa urefu wa mkono. Umeme mkubwa haumfikii mtu mpaka hatua ya mwisho, ile ndogo, iwe imetengenezwa vizuri. Wazee wetu walijifunza kwa vitambaa vya rangi na redio ya betri mbili kwa sababu hatua yao ya mwisho ilikuwa imara na waliielewa.

Mwisho wa habari ya diski yangu

Sasa nirudi kwa kile kidole changu. Nilikiondoa. Nilimkumbuka baba yangu na redio yake, nikauliza kama mashine imekula. Nilipotazama, niliona makosa matatu. Waya niliotumia haukuwa wa diski hiyo. Ulikuwa mrefu na mwembamba, wa kuchajia simu. Kompyuta ilikuwa inaendeshwa na betri yake, tena betri iliyokaribia kwisha. Na katika tundu la jirani palikuwa na simu iliyokuwa ikichajiwa.

Nikaitoa simu. Nikaichomeka kompyuta katika umeme wa ukutani. Nikautafuta waya wa diski wenyewe, mfupi na mnene, nikauchomeka katika tundu la buluu. Diski ilivuma kwa sauti nyororo, na majina ya wazee wetu yakatokea katika kioo, moja baada ya jingine. Fundi kijana alicheka kwa furaha kuliko mimi.

Lakini sikupata yote. Sauti ya bibi mmoja haikufunguka. Ilikuwa ndiyo inaandikwa katika diski siku umeme ulipopungua mara ya kwanza, nasi hatukujua. Bibi huyo alikuwa ametusimulia jinsi wanawake wa kijiji chake walivyochimba vyoo mwaka 1973 baada ya kusikiliza redio, na jinsi waume zao walivyowacheka kwanza, kisha wakaja kushika majembe. Tulipokwenda kwake ili asimulie tena, tulikuta amekwisha kufariki. Nimewaambia habari yake kwa ufupi kama ninavyoikumbuka mimi. Sauti yake hatuna.

Basi, ndugu wasikilizaji, andikeni haya katika daftari. Kwanza, tumieni waya mfupi uliokuja na diski. Pili, ichomekeni diski moja kwa moja katika kompyuta, na kompyuta iwe katika umeme au iwe na betri ya kutosha. Tatu, ondoeni vifaa vingine vinavyokula pamoja nayo. Mkihitaji vingi, nunueni kigawanyio cha USB chenye adapta yake ya ukutani. Nne, msiichomoe diski kabla ya kuiaga kompyuta kwa amri ya kuitoa salama. Tano, kompyuta ikiomba ruhusa ya kufomati diski yenye kumbukumbu zenu, ikataeni mpaka mmechunguza chakula chake. Diski ikizidi kulia hata baada ya kupewa umeme wa kutosha, izimeni na kuipeleka kwa fundi mwenye ujuzi, maana kuilazimisha huzidisha madhara. Sita, na hili ni kubwa kuliko yote, wekeni nakala mbili, katika vyombo viwili, katika nyumba mbili.

Maswali ya kuzungumza katika kikundi

1. Kwa nini redio ya transista ilifika vijijini kabla ya nguzo za umeme?
2. Diski ya inchi 3 na nusu hutofautiana vipi na ya inchi 2 na nusu katika kula umeme?
3. Mwaka 2000 mwendo wa USB uliongezwa lakini umeme haukuongezwa. Matokeo yake yalikuwa nini?
4. Katika kijiji chenu, ni kumbukumbu zipi zilizowekwa mahali pamoja tu? Nani atatengeneza nakala ya pili, na lini?
5. Ni mzee gani ambaye bado hamjamsikiliza?

Swali la tano msilijibu kwa mdomo. Nendeni kwake juma hili, mwende na daftari pia, maana daftari halihitaji umeme.

Kwa herini, mpaka juma lijalo.